Kutoka Jani la Pakanga hadi Kidonge cha Mseto: Safari ya Kikemia ya Dawa ya Malaria

Kidonge cha mseto anachopewa mgonjwa wa malaria kwenye dirisha la dawa la zahanati hakizidi sana punje ya hindi kwa ukubwa. Ndani yake mna miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kwa wakati mmoja, mara sita ndani ya siku tatu, na kufikisha jumla ya vidonge 24. Artemetha yote iliyomo katika dozi hiyo kamili ni miligramu 480. Uzito huo haufikii nusu gramu, ni sawa na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Artemetha hutengenezwa kutokana na artemisinini, na artemisinini iliyo nyingi duniani bado hutoka katika majani ya mmea wa jamii ya pakanga, ambao wanasayansi huuita Artemisia annua. Jani kavu la mmea huo huwa na artemisinini kidogo mno: katika mimea mingine haifikii hata sehemu moja kwa mia ya uzito wa jani, na katika mbegu bora huzidi asilimia moja kidogo tu. Kwa hesabu ya karatasini, yaani bila upotevu wowote, dozi moja ya mtu mzima huhitaji takribani gramu 45 za majani makavu yenye asilimia moja ya artemisinini. Kiwandani, ambako kila hatua hupoteza kiasi fulani, majani yanayohitajika ni mengi zaidi. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa mamia ya mamilioni ya dozi zinazohitajika Afrika kila mwaka, inakuwa wazi kwa nini wanakemia wametumia miaka mingi kutafuta njia nyingine za kuipata molekuli hii.

Makala hii inaeleza njia hizo: zimetokea wapi, zimefika wapi, na kwa nini zinamhusu muuguzi anayechanganya sindano ya artesuneti saa nane za usiku pamoja na mama anayempelekea mwanawe vidonge nyumbani.

Chimbuko la dawa

Mwezi Mei mwaka 1967, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na askari wengi katika vita vya Vietnam walikuwa wakiugua. Miongoni mwa walioitwa kushiriki alikuwa mtafiti wa Beijing, Bi Tu Youyou. Yeye na wenzake walipitia maandishi ya tiba za jadi na kujaribu mamia ya dondoo za mimea. Dondoo ya mmea wa qinghao ilionyesha dalili njema kwa panya, lakini majaribio yaliyofuata hayakutoa matokeo yale yale.

Tu alirudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya nne. Humo alisoma maelekezo ya kuloweka mmea katika maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu kiini cha dawa. Kwa hiyo, badala ya kuchemsha, timu yake ilitumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzijoto takribani 35 tu. Mwezi Oktoba mwaka 1971, dondoo iliyopatikana kwa njia hiyo iliwaua vimelea wote katika panya waliojaribiwa. Mwaka 1972, Tu na baadhi ya wenzake walijitolea kuinywa wao wenyewe kwanza ili kuthibitisha usalama wake, na mwaka huo huo fuwele safi za artemisinini zikapatikana. Mwaka 2015, Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushindi wa tiba ya jadi. Hata hivyo, kwa mtu anayejua kemia kina funzo jingine. Mmea ulikuwa ule ule, na wagonjwa walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuutoa uponyaji kutoka katika jani. Kubadili kiyeyushi na joto kulitenganisha dondoo isiyotabirika na dawa iliyookoa mamilioni ya watu.

Daraja la oksijeni

Molekuli ya artemisinini ina atomu 15 za kaboni, 22 za haidrojeni na 5 za oksijeni. Siri yake imo katika atomu mbili za oksijeni zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya daraja ndani ya molekuli. Kifungo cha namna hiyo huitwa peroksaidi, na kwa kawaida ni dhaifu. Wengi wanakifahamu kifungo hicho kupitia haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, ambayo hutoa povu inapogusa damu kwa sababu daraja lake linavunjika.

Kimelea cha malaria kinapokuwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini. Katika kuila huachilia kiini chake chenye madini ya chuma, kiitwacho himu. Chuma hicho ndicho kinacholivunja daraja la artemisinini. Daraja likivunjika, molekuli hugeuka kuwa kitu chenye ukali mkubwa, kinachojipachika kwenye protini nyingi za kimelea kwa mpigo na kuzilemaza. Kwa hiyo dawa huwashwa na chakula cha kimelea chenyewe, pale pale kinapolia. Ndiyo maana homa hushuka haraka na idadi ya vimelea katika damu hupungua sana ndani ya siku moja au mbili.

Hata hivyo, dawa hizi hutoka mwilini haraka, ndani ya saa chache. Hazibaki za kutosha kumaliza vimelea vilivyosalia. Kwa sababu hiyo huunganishwa na dawa nyingine inayokaa mwilini kwa siku kadhaa, kama vile lumefantrini. Dawa ya kwanza hupunguza jeshi la vimelea, na ya pili hufagia mabaki. Hiyo ndiyo maana ya neno mseto. Tanzania Bara ilianza kutumia mseto wa artemetha na lumefantrini, unaojulikana kama ALu, mwishoni mwa mwaka 2006, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa mseto wa artesuneti na amodiakwini mwaka 2003.

Mabadiliko madogo yenye faida kubwa

Artemisinini yenyewe ina kasoro moja kubwa: haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Wanakemia huitengeneza upya kwa hatua chache. Kwanza, huongezewa haidrojeni mahali pamoja kwa uangalifu mkubwa, ili daraja la oksijeni lisiguswe, na kupatikana molekuli iitwayo dihidroartemisinini. Kutoka hapo njia hugawanyika. Ikitiwa methanoli pamoja na asidi, hutokea artemetha, ambayo huyeyuka katika mafuta na kufaa kwa vidonge vya mseto. Ikiunganishwa na kipande kinachotokana na asidi ya saksini, hutokea artesuneti, ambayo ndiyo dawa ya sindano kwa malaria kali.

Hapa kemia inakutana moja kwa moja na kazi ya wodini. Artesuneti iliyomo katika kichupa ni unga wenye tabia ya asidi na hauyeyuki kwa urahisi katika maji matupu. Ndiyo sababu kichupa cha kawaida cha miligramu 60 huja na kichupa kidogo cha sodiamu baikaboneti. Baikaboneti huigeuza asidi hiyo kuwa chumvi, na chumvi huyeyuka. Mchanganyiko ukishakuwa mweupe usio na ukungu, ndipo huongezwa maji ya chumvi. Muuguzi anayeruka hatua ya baikaboneti kwa haraka ya usiku hupata unga unaoelea, si dawa iliyo tayari. Vilevile, artesuneti ikishakuwa katika maji huanza kuvunjika yenyewe polepole. Kwa hiyo huchanganywa wakati wa kutumika, hutumika ndani ya saa moja, na mabaki hutupwa. Zipo pia aina nyingine za artesuneti zenye kiyeyushi tofauti. Ni lazima kusoma maelekezo ya kichupa kilichopo mkononi.

Faida ya mabadiliko hayo madogo ilipimwa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010. Ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya. Kati ya waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki. Kati ya waliopewa artesuneti, walifariki asilimia 8.5. Kati ya kila watoto mia moja waliolazwa, wawili hivi zaidi walirudi nyumbani.

Udhaifu wa kutegemea shamba

Mmea wa Artemisia annua hulimwa kibiashara China, Vietnam na katika baadhi ya nchi za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Madagaska. Kuanzia kupanda hadi kuvuna hupita miezi kadhaa. Ukijumlisha kukausha, kukamua, kusafisha, kubadilisha kuwa artemetha, kutengeneza vidonge na kusafirisha, zaidi ya mwaka mmoja unaweza kupita kabla jani halijawa kidonge. Kwa hiyo mahitaji ya leo hujibiwa na uamuzi ambao mkulima aliufanya mwaka jana.

Pengo hilo la wakati lilileta misukosuko mikubwa. Mahitaji yalipopanda ghafla katikati ya miaka ya 2000, bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo. Wakulima wengi wakapanda. Mavuno yakafurika, na bei ikaporomoka hadi takribani dola 200. Wakulima wakakata tamaa na kurudi kwenye mahindi na mazao mengine, artemisinini ikaadimika, na kufikia mwaka 2011 bei ikakaribia dola 900. Mkulima aliyepanda bei ikiwa juu alivuna ikiwa chini, na mnunuzi wa dawa za serikali hakuweza kupanga bajeti kwa utulivu. Upungufu ulipotokea, aliyeumia alikuwa mgonjwa aliyefika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha.

Wanakemia walijaribu mapema kuunda artemisinini yote kwa mikono, bila mmea. Schmid na Hofheinz walifaulu kwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1983. Mwaka 2012, Zhu na Cook wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha njia fupi zaidi iliyoanza na malighafi nafuu ya kiwandani. Kazi hizo zilikuwa za kitaalamu sana, lakini hakuna iliyoweza kuuondoa mmea sokoni. Jani lilikuwa limekwisha kufanya kazi ngumu ya kuzipanga atomu kwa umbo sahihi, na kuirudia kazi hiyo maabara kulikuwa na gharama kubwa. Ndipo likazuka wazo la njia ya kati, yaani kuacha kiumbe hai kifanye sehemu ngumu kisha kemia imalizie.

Hamira inayotengeneza asidi

Kundi la Jay Keasling katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilichukua jeni za mmea wa pakanga na kuzipandikiza katika hamira, kiumbe kile kile kinachoumua mkate na kuchachusha pombe. Kusudi lilikuwa kuifanya hamira igeuze sukari kuwa asidi ya artemisini, molekuli ambayo iko hatua chache tu kabla ya artemisinini. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hamira yao ilitoa hadi miligramu 100 katika kila lita. Fedha za kuendeleza kazi hiyo, dola milioni 42.6, zilikuwa zimetolewa mwaka 2004 na taasisi ya Bill na Melinda Gates. Wataalamu wa kampuni ya Amyris waliendelea kuiboresha hamira, na mwaka 2013 walichapisha kwamba sasa ilitoa gramu 25 kwa lita. Hilo ni ongezeko la mara 250.

Kilichobaki kilikuwa kuigeuza asidi hiyo kuwa artemisinini kwa tani, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya wanaoendeleza michakato ya viwandani. Kazi hii haifahamiki sana nje ya viwanda. Mtu anayejua kupika pilau ya watu watano hawezi kupika ya harusi ya watu elfu moja kwa kuzidisha tu kila kiungo. Sufuria kubwa hushika joto katikati, chini huungua na juu hubaki mbichi. Kemia nayo iko hivyo. Mchanganyiko unaopoa wenyewe katika chupa ya maabara unaweza kuchemka na kulipuka katika pipa la lita elfu kadhaa. Kiyeyushi kinachovumilika kwa kijiko huwa sumu na taka nzito kwa tani. Uchafu wa sehemu moja kwa elfu, usioonekana katika gramu, hugeuka kilo nzima kiwandani. Mtaalamu wa michakato huangalia kila hatua kwa maswali hayo.

Wataalamu wa kampuni ya Sanofi, katika kiwanda kilichopo Garessio, Italia, walipanga njia yao hivi. Kwanza, asidi iliyotolewa na hamira iliongezewa haidrojeni kwa msaada wa kichocheo chenye madini ya rutheni. Kichocheo hicho kilichaguliwa kwa sababu molekuli inayopatikana inaweza kuwa na sura mbili zinazotofautiana mahali pamoja tu, na ni moja pekee inayoelekea kwenye dawa. Kisha ikaja hatua ya mwanga. Mchanganyiko uliwekwa rangi maalumu inayonasa mwanga wa taa, na rangi hiyo ikaipa oksijeni nguvu ya ziada. Oksijeni iliyoamshwa namna hiyo hujipachika mahali panapotakiwa, na baada ya kuongezwa asidi, molekuli hujikunja yenyewe na daraja la oksijeni hufungika.

Hatua hiyo inaiga kinachotokea katika jani. Katika tezi ndogo zilizo juu ya jani la pakanga, hatua za mwisho za kutengeneza artemisinini hazihitaji vimeng'enya. Hufanyika kwa oksijeni ya hewani na mwanga wa jua. Kiwanda cha Garessio kiliweka taa mahali pa jua. Wataalamu wake waliripoti kwamba walifikia mikupuo ya kilo 370 kila mmoja, na kwamba kati ya asidi yote waliyoanza nayo, asilimia 55 ya kiasi kinachowezekana ilifika mwisho ikiwa artemisinini. Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliikubali artemisinini hiyo kuwa malighafi salama ya dawa, sawa na ile ya mmea. Mwaka 2014, shehena za kwanza za mseto uliotengenezwa kwayo zilielekezwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Soko lilipogeuka

Sanofi ilitangaza kuwa ingeuza bila faida wala hasara, kwa bei ya dola 350 hadi 400 kwa kilo. Wakati huo huo wakulima walikuwa wamepanda tena kwa wingi, na bei ya artemisinini ya mmea ikashuka chini ya dola 250. Watengenezaji wa vidonge, wanaoshindana kwa senti, walinunua iliyo nafuu. Mwaka 2015 kiwanda hakikutoa artemisinini ya hamira hata kidogo, na baadaye kikauzwa kwa kampuni nyingine.

Wapo waliokiita kisa hiki kushindwa. Ukweli una pande mbili. Kwa upande mmoja, sayansi iliyokamilika ilikaa bila kazi kwa sababu ya tofauti ya dola mia moja na kitu kwa kilo. Kwa upande mwingine, maarifa yenyewe hayakupotea. Yapo maandishi, ipo hamira, na inafahamika kwamba mashamba yakikumbwa na ukame au magonjwa, dunia inaweza kupata artemisinini bila kusubiri msimu. Njia ya pili ya kuipata dawa ni bima, na bima haipimwi kwa mwaka ambao hakuna janga. Aidha, wakulima wa pakanga wa Afrika Mashariki, ambao kipato chao kingeathiriwa na hamira, nao ni sehemu ya hesabu. Anayepanga sera ya dawa hana budi kuwaweka wote wawili, mgonjwa na mkulima, mezani.

Mabomba membamba na rangi ya kijani

Utafiti haukusimama. Tatizo moja la hatua ya mwanga ni kwamba mwanga haupenyi mbali. Katika pipa kubwa lenye rangi nzito, mwanga huishia karibu na ukingo, kama jua linavyoishia juu ya maji ya tope, na sehemu ya ndani hubaki gizani. Mwaka 2012, Lévesque na Seeberger wa Taasisi ya Max Planck mjini Potsdam, Ujerumani, walionyesha suluhisho jingine. Badala ya pipa, waliupitisha mchanganyiko katika bomba jembamba la plastiki lililozungushwa kwenye taa, ukitiririka bila kusimama. Kila tone lilipata mwanga wa kutosha, na artemisinini ilitoka upande wa pili baada ya dakika chache. Kwa kuwa kiasi kilichomo ndani ya bomba kwa wakati mmoja ni kidogo, hatari ya moto inayotokana na kuchanganya oksijeni na viyeyushi ilipungua sana. Anayetaka dawa zaidi huacha mtiririko uendelee kwa muda mrefu zaidi, pasipo kujenga pipa kubwa zaidi.

Malighafi ya njia hiyo inaweza kutoka katika hamira, lakini pia hupatikana kwenye mabaki ya mmea. Artemisinini ikishakamuliwa, kunabaki asidi ambayo jani halikuwahi kuigeuza kuwa dawa, na ambayo kwa kawaida hutupwa. Mwaka 2018, watafiti wa Max Planck walikwenda hatua mbele zaidi. Waliitumia dondoo ghafi ya majani moja kwa moja, na klorofili iliyomo humo, ile rangi ya kijani ya mmea, ikafanya kazi ya kunasa mwanga badala ya rangi ya kununuliwa. Kwa njia hiyo jani lilitoa malighafi pamoja na kifaa cha kuibadilisha. Faida yake kwa nchi inayolima pakanga ni dhahiri, kwani shamba lile lile linaweza kutoa dawa zaidi bila kuongeza hekta.

Wengine waliliacha jani kabisa wakabaki na wazo lake. Kwa kuwa nguvu imo katika daraja la oksijeni, wanakemia waliunda molekuli nyepesi zaidi zenye daraja kama hilo, zinazotengenezwa zote kiwandani. Mojawapo ni arterolane, iliyoanza kutumika India mwaka 2012 ikiwa imeunganishwa na piperakwini.

Maana yake kwa mtoa huduma na mgonjwa

Swali la kwanza linaloulizwa mara nyingi ni kuhusu chai. Ikiwa dawa inatoka katika jani, kwa nini mgonjwa asinywe chai ya pakanga? Jibu limo katika yote yaliyoelezwa hapo juu. Kiasi cha artemisinini hutofautiana kati ya mmea na mmea, msimu na msimu, na namna ya kukausha na kuhifadhi. Artemisinini huyeyuka vibaya katika maji. Kikombe hakina lumefantrini ya kufagia mabaki. Mnywaji anaweza kupata nafuu ya siku mbili, kisha vimelea vilivyobaki vikarudi, vikiwa vimekwisha kuzoea dawa kidogo. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai au unga wa majani hayo kwa kutibu au kuzuia malaria. Mhudumu anayeulizwa swali hili hana haja ya kuudharau mmea. Inatosha aeleze kwamba kidonge ni jani lile lile lililopimwa.

La pili ni usugu. Vimelea vyenye mabadiliko ya kijeni yanayopunguza kasi ya kuuawa na artemisinini vimekwisha kuthibitishwa katika Afrika Mashariki: Rwanda, Uganda, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Dawa rafiki, kama lumefantrini, ndizo zinazoendelea kubeba tiba kwa sasa, na mseto bado huponya pale unapotumika ipasavyo. Lakini kila dozi iliyoishia katikati na kila kidonge cha artemisinini kilichotumika peke yake huwapa vimelea nafasi ya kujifunza. Tangu mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani limetaka vidonge vya artemisinini peke yake viondolewe sokoni.

La tatu ni chakula. Lumefantrini hupenda mafuta. Mgonjwa akiimeza na maziwa, uji uliotiwa karanga au chakula chenye mafuta kidogo, mwili huifyonza vizuri zaidi kuliko akiimeza na maji matupu tumboni pakiwa patupu. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto akitapika ndani ya muda mfupi baada ya kumeza, mzazi arudi kituoni kupata dozi nyingine, asikisie.

La nne ni kipimo. Dawa iliyosafiri kutoka shambani au kwenye tangi la hamira, kupitia mwanga, vichocheo na ukaguzi wa maabara, haistahili kumezwa na mtu mwenye homa isiyotokana na malaria. Kupima kwanza kwa kipimo cha haraka au hadubini huokoa dawa kwa anayeihitaji, na humwelekeza mwenye homa nyingine kwenye tiba yake halisi.

Mama anapofika nyumbani na pakiti ya vidonge, mtoto huwa ameanza kucheza kabla ya siku ya pili kwisha, na vidonge vilivyobaki huonekana kama vya akiba kwa homa ijayo. Hapo ndipo maelezo ya dirishani yanapopimwa. Daraja la oksijeni limekwisha kufanya kazi yake, homa imeshuka, lakini dawa iliyobaki kwenye pakiti ndiyo inayomaliza vimelea visivyoonekana. Mhudumu akichukua dakika moja kumweleza mama hivyo, kwa maneno ya kawaida, vidonge vya siku ya tatu vitamezwa.